Nati ya Afande Okullo

Old Kampala, 4 Machi 2023

Mjomba Bisimwa,

Jambo sana. Mimi ni mzima, ila mafua ya Kampala yananiandama tangu Krismasi. Mwambie Mama dawa ya mguu nimempa Blandine anayekuletea barua hii, iko chini kabisa ya mzigo wake wa vitenge. Mwambie pia nimenenepa, atafurahi. Nasikia mwanao Guerschom ameingia kwaya. Na sauti ile! Mungu awape waumini wa huko Kadutu subira.

Najua unaishika barua hii kwa vidole viwili. Siku ile uliponifukuza gerejini kwako ukanikabidhi cherehani, uliapa mbele ya ukoo mzima kwamba habari za gereji kati yako na mimi zimekwisha, na nikikupigia simu kwa habari hizo utakata. Ukakata mara mbili. Sawa. Lakini barua hukuitaja, Mjomba. Nimewauliza waliokuwepo. Kwa hiyo soma.

Cherehani yuko nayo jirani yangu Vera, anashona sare za shule. Mimi niko gereji, huu mwaka wa tatu, hapa chini ya msikiti mkubwa. Naosha vipuri kwa petroli na kuwashikia wanaume tochi. Mwenye gereji ni Afande Okullo, dereva mstaafu wa jeshi, mtu wa Gulu, ana sauti ya kuamsha kambi nzima. Hapa wote ni mafundi wa Toyota. Yeye peke yake ana landrova, na anaipenda hiyo landrova mpaka anaisalimia asubuhi.

Imesimama uani tangu Januari. Pampu ya maji inavuja. Pampu mpya ipo, iko kwenye boksi lake, lakini huwezi kuifikia mpaka feni itoke, na feni imeshikwa na nati moja kubwa nyuma ya klachi yake, ile inayoizungusha, nati ya spana namba thelathini na mbili. Feni za Toyota zina nati ndogo nne, unazifungua huku unapiga soga. Hii wamevuta wote. Odur, ambaye ndiye mwenye nguvu hapa, alichomeka bomba la mita mbili kwenye spana akaning'inia nalo miguu juu. Wapi!

Basi wiki iliyopita Afande alitukusanya. Alisema hivi: "Ile nafasi ya fundi wetu marehemu Ocaya iko wazi. Nani anatoa hii nati, bila kukata, bila moto wa gesi, nafasi ni yake. Mwanaume, mwanamke, mimi sijali. Tarehe moja mwezi wa saba binti yangu Atoo anaolewa Gulu, na mimi naingia kule na hii gari."

Wanaume wakaangaliana. Hakuna aliyeniangalia mimi.

Mjomba, nafasi ni ukuta wako, benchi lako, wateja wako. Hakuna mtu wa kukwambia shika tochi. Naitaka kuliko kitu chochote hapa duniani, na sitaki kujifanya siitaki. Wewe ulifungua landrova za misheni ukiwa bado na nywele. Niambie ilikuwaje.

Ni mimi mtoto wa dada yako,
Séraphine


Bukavu, 27 Machi 2023

Séraphine,

Jambo. Mama yako amepata dawa, uvimbe wa mguu unashuka. Mvua imebeba choo cha jirani, chetu kimebaki. Guerschom anaimba vizuri, hao wanaokuletea maneno wana masikio mabovu. Shangazi zako wanauliza kama umepata mchumba. Niliwaambia sijui, na kweli sijui.

Kiapo changu kiko palepale. Sikufundishi kitu. Mtu aliyefungua gia ya mteja wangu bila ruhusa, akaifunga, ikabaki bolti moja mkononi, mtu huyo sina la kumfundisha. Wateja walinicheka mwaka mzima.

Nakupa tu habari za gari moja la zamani, kwa kuwa barua fupi ni utovu wa adabu.

Padri mmoja wa Walungu alikuwa na landrova. Pampu yake ya maji ilikufa njiani, wakaivuta mpaka kwangu. Nati ya feni ilikuwa na kiburi kama hiyo ya huyo mwanajeshi wako. Fundi aliyeifungua, jina lake silitaji, hakuvuta hata kidogo. Kuvuta ni kujichosha, kwa sababu puli, lile gurudumu la mkanda, inazunguka pamoja na nati, nguvu zako zote zinaishia kwenye mkanda. Alichukua kipande cha chuma bapa, akakitoboa matundu mawili, akakifunga kwenye bolti mbili za puli, na mwisho wa chuma ukaegemea pembeni. Puli ikatulia. Kisha akaivalisha nati spana, mpini ukiangalia juu, akaupiga mpini nyundo pigo moja kavu kuelekea upande wa dereva. Ikaachia. Padri alisali misa ya Jumapili kwa wakati.

Nimesema upande wa dereva. Unakumbuka kwangu hatusemi kulia wala kushoto, maana anayesimama mbele ya gari na anayekaa ndani hawana kulia kumoja. Kwangu ni upande wa dereva na upande wa abiria, basi.

Hizo ni hadithi tu. Usije ukasema Bisimwa amekufundisha.

Vaa soksi kama una mafua.

Mjomba wako


Old Kampala, 15 Aprili 2023

Mjomba,

Salamu kwa Mama na kwa wote. Pasaka ilikuwa nzuri, Vera alinishonea gauni kwa cherehani yako, nimelivaa kanisani, watu wamelisifu. Haya, salamu zimekwisha. Nina hasira.

Nilifanya kila ulichoandika. Chuma bapa nilikipata, matundu nikatoboa mwenyewe, puli ikatulia kama ulivyosema, hata Afande akainama kutazama akasema, "Eh! Huyu mama ana akili." Nilijisikia mrefu! Nikasimama mbele ya wanaume tisa nikasema leo inatoka. Nikaweka mpini juu. Nikapiga kuelekea kwa dereva.

Kimya. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka nikapoteza hesabu. Spana ikaruka, mkono wangu ukaingia kwenye mabati ya feni. Damu hadi kwenye kiwiko.

Na unajua kinachoniuma? Upande ule ni uleule wanaovutia wote tangu Januari! Odur alivutia huko huko na bomba lake. Nilimwambia, subiri, Mjomba wangu anajua, amesema piga kwa nyundo, piga kwa dereva. Sasa ananiita Mama Dereva. Asubuhi ananiita, mchana ananiita. "Mama Dereva, rudi kwenye petroli yako." Wanacheka mpaka wale wauza chapati wa ng'ambo ya barabara.

Afande hakucheka. Alisema tu kwamba tarehe ishirini na nne mwezi wa sita anamleta mtu mwenye mashine ya kukata, heri kuharibu klachi kuliko kukosa harusi, na nafasi atampa Odur kwa sababu Odur angalau ni fundi. Angalau ni fundi! Nimekaa hapa miaka mitatu.

Sema ukweli. Ulitunga? Ulitaka niumbuke ili nirudi Bukavu nishone? Kama ndivyo, umeshinda, ila sirudi.

Natuma picha uone mkono ulivyofungwa. Vera aliipiga nimekaa ndani ya hiyo landrova, nimeshika usukani. Angalia vizuri.

Séraphine


Bukavu, 17 Juni 2023

Mwanangu Séraphine,

Jambo sana. Mama yako anatembea bila fimbo. Guerschom ameacha kwaya, nitakueleza siku nyingine. Maharage yametoka vizuri mwaka huu, nimempa Blandine gunia dogo akuletee, na asikwambie limepungua njiani.

Barua yako ilifika mwisho wa Aprili. Umeona leo ni tarehe ngapi. Nilikasirika. Mtu kuniambia mimi nimetunga! Niliitupa ndani ya sanduku la spana nikaapa sijibu. Picha tu ndiyo niliibakiza, nikaichomeka dirishani, kwa sababu mama yako huwa anaiangalia akija.

Jumanne hii alikuja kunywa chai. Mama yako, ambaye hajui tairi linajazwa nini. Akaiangalia ile picha weee, kisha akauliza, "Mbona mtoto ameshika usukani upande wa abiria?"

Nikamwambia huko Uganda ndivyo magari yalivyo, kila mtu anajua, hata hapa Kadutu yanapita kila siku, yale yanayotoka Dar. Nikamcheka. Nikanywa chai. Halafu nikaweka kikombe chini.

Landrova ya padri ilikuwa ya misheni. Usukani kushoto. Zote nilizofungua zilikuwa za misheni, usukani kushoto. Katika kichwa changu dereva wa landrova amekaa kushoto na hajawahi kuhama. Nimekwambia upande wa dereva, nawe mtoto mtiifu ukapiga upande wa dereva wenu. Umekuwa ukikaza, mwanangu. Na hao wanaume tisa pia wamekuwa wakikaza tangu Januari. Nati hiyo inafunguka kinyume cha nati zote, kwa kusudi, ili feni ikizunguka ijikaze yenyewe isije ikaruka njiani.

Nimekosea. Neno hili hujawahi kulisikia kinywani mwangu, mke wangu naye hajawahi. Soma tena: nimekosea, na mkono wako umeumia kwa ajili yangu.

Sasa kiapo nakivunja, na mama yako ni shahidi. Hii si hadithi ya padri. Nakufundisha. Simama mbele ya gari, uso wako uangalie injini. Chuma chako cha puli kigeuze kiegemee upande wa pili, kwa maana sasa puli itataka kukimbilia huko. Chemsha birika la maji, yakiwa yanatokota mwagia nati peke yake, taratibu, birika zima. Vaa spana, mpini juu. Piga kuelekea mkono wako wa kulia, ule unaoshikia kijiko, ndiko alikokaa dereva wa misheni. Watakupigia kelele kwamba unakaza. Waache wapige. Pigo kavu, moja moja, usivute.

Mmeikaza miezi mitano, haitatoka kwa pigo la kwanza. Usikate tamaa kabla ya kumi.

Nimemwomba Blandine aondoke kesho badala ya Ijumaa. Amenitukana, lakini anaondoka.

Mjomba wako Bisimwa


Old Kampala, 5 Julai 2023

Mjomba wangu, Mjomba, Mjomba!

Wote ni wazima? Mama anatembea? Maharage yamefika, yamepungua, tumeyala na Vera na yalikuwa matamu. Sasa kaa chini. Umekaa?

IMETOKA.

Blandine alinipa barua tarehe ishirini na mbili, Alhamisi jioni. Mwenye mashine ya kukata alikuwa aje Jumamosi. Nilisoma nikiwa nimesimama pale kwenye kituo cha boda, nikasoma tena, nikaanza kucheka peke yangu, boda mmoja akaniuliza, "Nyabo, uko sawa?" Nilikuwa sawa kuliko siku zote.

Ijumaa nilingoja watu watoke msikitini, gereji ijae. Nilitaka waone wote. Nikamwomba muuza chapati moto wake, nikachemsha birika. Odur akaanza, "Mama Dereva anatupikia chai!" Nikamwambia kaa hapo, utapewa. Nikageuza chuma cha puli. Nikamwaga maji yote juu ya nati, mvuke ukanifunika uso. Mpini juu. Nyundo.

Nilipopiga la kwanza kuelekea kulia kwangu, Mjomba, ungesikia! "Unakaza! Banange, anakaza! Afande, huyu anaharibu gari!" Odur akaja kunishika mkono. Afande akanguruma, "Acha yeye!" Odur akarudi nyuma.

La pili, kimya. La tatu, la nne, kimya. La tano nikajiambia Mjomba amesema kumi. La sita. La saba likatoa sauti nyingine. Ka! Kavu kabisa. Mpini ukasogea upana wa kidole.

Nikaitoa spana. Nikashika nati kwa mkono huu huu wenye kovu, nikaizungusha kwa vidole, vidole vitupu, Mjomba, ikaja yenyewe mpaka feni nzima ikanilalia mikononi. Nikaiinua juu. Na nililia, sikufichi, nililia mbele ya wote na feni kichwani.

Afande alisimama wima akanipigia saluti. Mzee mzima! Halafu akafuta macho akasema ni moshi wa chapati.

Pampu nilibadilisha mwenyewe, hakuna aliyegusa. Nilikwangua gasketi ya zamani mpaka chuma kikang'aa, nikaweka mpya, bolti zote zikarudi. Zote, Mjomba. Nilizipanga kwenye kitambaa na hakuna iliyobaki mkononi, nimezirudia mara mbili kwa ajili yako. Tukajaza maji, tukapanda nayo hadi Nakasero, tukazunguka soko, tukarudi. Mshale wa joto ukakaa katikati.

Tarehe moja niliingia Gulu nimekaa mbele, kando ya Afande. Tumevuka daraja la Karuma bila tone moja kuanguka. Kila aliyesimama kusalimia bwana harusi, Afande alimvutia kwangu kwanza. "Huyu ndiye fundi wangu. Huyu ndiye alitoa nati." Atoo mwenyewe, na shela yake, alinikumbatia akapaka gauni lake grisi kidogo. Hakujali.

Na Jumatatu nimefungua nafasi yangu. Ukuta ni wangu. Afande aliandika kwa rangi nyekundu, FUNDI SERA. Odur alikuja wa kwanza. Alizunguka zunguka, akakohoa, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, hivi ile nati, ulisema ni upande gani? Nikamwambia. Nilitaka nimwache ateseke, lakini furaha ilinizidi.

Nilikuwa nimekuchukia tangu Aprili. Nisamehe. Chuki imekwisha yote, nimetafuta hata kidogo sijaiona.

Wako,
Fundi Séraphine


Bukavu, 20 Julai 2023

Fundi Séraphine,

Jambo sana, jambo mara mia. Mama yako anakusalimia. Barua yako nimeisoma kwa sauti mara nne. Ya kwanza nilimsomea nyumbani. Ya pili niliisoma gerejini, nimepanda juu ya boksi la gia, mafundi wote wamezima injini. Hizo nyingine mbili ni wateja walioomba. Nilipofika kwenye pigo la saba nikampa Guerschom barua, akanimalizia.

Sina la kukusamehe. Mimi ndiye wa kusamehewa, na nataka niliandike mwenyewe kwa wino wangu. Bolti moja ilibaki mkononi, ndiyo. Mimi katika umri ule nilibakiza tatu, na mwalimu wangu hakunipa cherehani, alinipa spana nikafungua upya. Nilikufukuza kwa sababu watu walicheka, na kwa sababu ulikuwa unaelekea kunipita. Nilijua. Ndiyo maana nilipiga kelele vile.

Sasa nisikilize. Hapa uani kuna Toyota ya daktari mmoja, mpya, usukani kulia. Inatetemeka ikiwa baridi, ikipata moto inatulia, na taa ya injini imewaka haizimi. Mimi ni mtu wa spana, hayo ya kompyuta siyajui. Nimebadilisha plagi, nimesafisha kichujio, hakuna nafuu. Mafundi wangu wanasubiri neno langu, na sina neno.

Nimewaambia wasiguse chochote mpaka fundi wa Kampala aseme. Wewe ungeanza wapi?

Bisimwa